Franco Rasetti: mwanafizikia aliyekataa kazi ya bomu akageukia visukuku na maua

Mwaka 2023 Serikali ya Uganda ilitangaza mpango wa kujenga kituo cha kwanza cha umeme wa nyuklia nchini. Mahali palipochaguliwa ni wilaya ya Buyende, katika eneo la Busoga, kando ya Ziwa Kyoga. Kituo hicho kilielezwa kuwa cha megawati 2,000, na megawati 1,000 za kwanza zilitarajiwa kupatikana ifikapo mwaka 2031. Maji ya Mto Nile yanayotoka Jinja na kupita katika mabwawa ya Nalubaale na Kiira ndiyo yanayoingia katika ziwa hilo.

Kwa wakazi wa mashariki mwa Uganda, ambao tangu mwaka 1954 wamejua umeme kuwa ni zao la maji yanayoanguka, habari hiyo ilileta maswali. Neno nyuklia huwakumbusha wengi mambo mawili kwa wakati mmoja: umeme na bomu. Je, mambo hayo mawili yametoka wapi, na yanahusianaje? Na je, mtu anayeijua elimu hiyo analazimika kwenda popote inapompeleka?

Maisha ya Mwitaliano Franco Rasetti yanatoa nafasi nzuri ya kuyatazama maswali hayo. Alikuwa miongoni mwa watu wachache waliovumbua, mwaka 1934, jambo ambalo vinu vingi vya nyuklia duniani hulitegemea mpaka leo. Miaka michache baadaye alialikwa kushiriki katika kazi ya vita iliyohusiana na bomu la atomu, akakataa. Kisha akaitumia sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki kuchunguza viumbe waliokufa zamani sana na maua ya milimani, na huko pia akawa bingwa.

Mtoto wa wadudu na majani

Franco Rasetti alizaliwa tarehe 10 Agosti 1901 katika kijiji cha Pozzuolo, mkoani Umbria, katikati ya Italia. Alikuwa mtoto pekee wa wazazi wake. Baba yake alikuwa mtaalamu wa kilimo aliyependa elimu ya viumbe, na mama yake alikuwa mchoraji. Katika nyumba ya namna hiyo mtoto alijifunza mapema kutazama: umbo la jani, rangi ya bawa, idadi ya miguu ya mdudu.

Tangu utotoni alikusanya mbawakawa, akawapanga kwa jamii zao na kuyakariri majina yao ya kisayansi. Waliomfahamu baadaye walishangazwa na kumbukumbu yake, kwani aliweza kutaja maelfu ya majina ya mimea na wadudu bila kufungua kitabu. Tabia hiyo ya kukusanya, kulinganisha na kutoridhika mpaka kila kitu kimepata mahali pake ndiyo iliyomfanya baadaye awe fundi hodari wa maabara.

Alipoingia Chuo Kikuu cha Pisa alianza na uhandisi. Huko alikutana na mwanafunzi mwenzake aliyekuwa na umri sawa na wake, Enrico Fermi. Fermi alikuwa akijifundisha mwenyewe fizikia mpya ambayo hata baadhi ya maprofesa wake hawakuifahamu vizuri. Rasetti aliacha uhandisi akamfuata rafiki yake katika fizikia. Wawili hao walipanda pamoja milima ya Apuane iliyo karibu na Pisa, na walijulikana chuoni kwa utani wao mwingi.

Urafiki huo uliendelea Florence, ambako wote wawili walifundisha katika miaka ya 1920. Laura Fermi, mkewe Enrico, ameandika jinsi walivyokuwa wakilala kifudifudi kwenye majani nje ya maabara ya Arcetri, wakiwinda mijusi kwa kitanzi cha uzi wa hariri kilichofungwa kwenye ncha ya kijiti cha kioo. Mijusi hao waliachiwa katika chumba cha kulia ili kuwatisha wahudumu. Yasimuliwa kwamba katika saa hizo za kungoja mjusi atokeze kichwa, Fermi alikuwa akiifikiria nadharia yake kuhusu mwendo wa chembe ndogo ndani ya maada. Rasetti, kwa upande wake, alikuwa akimtazama mjusi.

Fumbo la naitrojeni

Kazi ya kwanza iliyompatia Rasetti sifa ya kimataifa aliifanya Marekani, katika taasisi ya Caltech huko California, alikokwenda kati ya mwaka 1928 na 1929. Alichunguza jinsi mwanga unavyobadilika unapopita katika gesi, jambo lililokuwa limegunduliwa muda mfupi kabla na mwanasayansi wa India, C. V. Raman.

Wakati huo wanafizikia waliamini kwamba kiini cha atomu kimejengwa kwa chembe za aina mbili: protoni, zenye chaji chanya, na elektroni, zenye chaji hasi. Kwa hesabu hiyo, kiini cha naitrojeni, gesi iliyo nyingi zaidi katika hewa tunayovuta, kingekuwa na protoni 14 na elektroni 7, yaani chembe 21. Nadharia ya wakati huo ilisema kwamba kiini chenye idadi witiri ya chembe za namna hiyo huwa na tabia tofauti na kile chenye idadi shufwa, na tofauti hiyo huonekana katika mistari ya mwanga.

Vipimo vya Rasetti vilionyesha wazi kwamba naitrojeni ina tabia ya idadi shufwa. Maana yake ni kwamba picha nzima ya kiini ilikuwa na kasoro. Jibu lilipatikana mwaka 1932, Mwingereza James Chadwick alipogundua nyutroni, chembe isiyo na chaji yoyote. Kiini cha naitrojeni kina protoni 7 na nyutroni 7, jumla 14, na hesabu ikakubaliana na vipimo. Rasetti hakuigundua nyutroni, lakini alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba bila kitu kama hicho ulimwengu haueleweki.

Roma, Oktoba 1934

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1930, Fermi na Rasetti walikuwa wakiongoza kundi la vijana katika Taasisi ya Fizikia ya Roma, kwenye mtaa wa Via Panisperna. Katika kundi hilo walikuwamo Edoardo Amaldi, Emilio Segrè, Bruno Pontecorvo na mkemia Oscar D'Agostino. Kwa utani vijana hao walimwita Fermi "Papa", kwa kuwa waliona hakosei, na Rasetti walimwita "Kardinali", yaani naibu wake. Rasetti alikuwa amekaa kwa muda Berlin, katika maabara ya Lise Meitner, akajifunza mbinu za kuchunguza viini vya atomu, na elimu hiyo aliirudisha nyumbani.

Mapema mwaka 1934, Irène Curie na mumewe Frédéric Joliot walionyesha mjini Paris kwamba mtu anaweza kuifanya maada ya kawaida itoe mionzi. Fermi aliona kwamba nyutroni, kwa kuwa haina chaji, ingeingia katika kiini kwa urahisi zaidi kuliko chembe walizotumia Wafaransa hao. Rasetti alikuwa likizoni Morocco kazi hiyo ilipoanza, akaitwa kwa simu ya maandishi arudi upesi. Kundi zima lilianza kuzipiga elementi moja baada ya nyingine kwa nyutroni na kupima iwapo zimepata unururifu, yaani tabia ya kutoa mionzi. Kwa kuwa mionzi mingine ilififia katika muda mfupi sana, vijana hao walikuwa wakikimbia katika ujia wa jengo, sampuli mkononi, kutoka chumba cha chanzo cha nyutroni hadi chumba cha vipimo.

Mwezi Oktoba waliona jambo la ajabu. Fedha iliyowekwa juu ya meza ya mbao ilipata unururifu mwingi zaidi kuliko ile iliyowekwa juu ya meza ya marumaru. Fermi aliamua kuweka kipande cha nta ya parafini kati ya chanzo na fedha. Unururifu uliongezeka maradufu mara nyingi. Maji nayo yalifanya vivyo hivyo.

Maelezo yake yanaweza kueleweka na mtoto yeyote anayecheza gololi. Gololi ikigonga jiwe kubwa, hurudi nyuma kwa mwendo ule ule. Ikigonga gololi nyingine yenye uzito sawa nayo, huigawia mwendo wake na kupoa. Nta, maji na mbao zina haidrojeni nyingi, na kiini cha haidrojeni kina uzito unaokaribiana sana na wa nyutroni. Nyutroni inayopita humo hugongana na viini hivyo tena na tena, na kila mgongano huipunguzia mwendo. Watu walikuwa wakidhani kwamba chembe yenye kasi ndiyo yenye nguvu ya kubadilisha kiini. Kundi la Roma liligundua kinyume chake: nyutroni inayokwenda polepole hukaa karibu na kiini kwa muda mrefu zaidi, na hunaswa kwa urahisi zaidi.

Hiyo ndiyo sababu vinu vingi vya nyuklia duniani hutumia maji. Maji hayo hufanya kazi mbili: huchukua joto, na hupunguza mwendo wa nyutroni ili ziendelee kupasua viini vya urani. Kituo chochote cha aina hiyo kinasimama juu ya kile kilichoonekana Roma kwenye meza ya mbao.

Mionzi iliyofika Mulago

Uvumbuzi huo haukungoja kinu cha Buyende ili ufike Uganda. Umekwisha kuwafikia wagonjwa kwa njia nyingine.

Madini ya kawaida ya kobalti yakiwekwa ndani ya kinu, viini vyake hunasa nyutroni zilizopunguzwa mwendo na kugeuka kuwa kobalti-60, ambayo hutoa mionzi mikali. Kwa miongo mingi mionzi hiyo imetumika duniani kutibu saratani. Uganda ilikuwa na mashine moja ya aina hiyo katika hospitali ya Mulago, Kampala, iliyowasili mwaka 1995. Mgonjwa wa Mbale au wa Jinja aliyehitaji tiba ya mionzi alilazimika kusafiri hadi huko.

Kobalti-60 hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya miaka mitano na robo hivi. Mashine hiyo ilizidi kuzeeka, na mwaka 2016 iliharibika kabisa. Kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja nchi nzima haikuwa na tiba ya mionzi, mpaka mashine mpya ilipofungwa. Familia nyingi zilijua wakati huo kwamba nyuklia inaweza kuwa jambo la uhai, na kwamba kukosekana kwake nako kunaweza kuua.

Mwaliko uliokataliwa

Kundi la Roma halikudumu. Mwaka 1938 utawala wa Mussolini ulitunga sheria za kibaguzi dhidi ya Wayahudi. Mke wa Fermi alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Mwaka huo huo Fermi alipewa Tuzo ya Nobel, na baada ya kuipokea alikwenda Marekani na familia yake. Segrè na Pontecorvo pia waliondoka Italia. Rasetti hakuwa Myahudi, lakini hakuvumilia kuishi chini ya utawala huo. Mwaka 1939 alikubali kwenda kuanzisha idara ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Laval, mjini Quebec, Kanada. Huko, kwa vifaa vichache, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupima moja kwa moja muda wa kuishi wa chembe inayotokana na mionzi ya angani, ambayo leo huitwa myuoni.

Katika miezi hiyo hiyo dunia ilikuwa imepata habari nzito. Mwishoni mwa mwaka 1938 wakemia wa Berlin walibaini kwamba urani iliyopigwa kwa nyutroni hupasuka, na Lise Meitner, yule yule aliyempokea Rasetti katika maabara yake, akaeleza pamoja na mpwa wake Otto Frisch jinsi mpasuko huo unavyotoa nishati nyingi. Bomu likawa jambo linalowezekana. Fermi alijenga kinu cha kwanza mjini Chicago, na kikafanya kazi tarehe 2 Desemba 1942.

Mwezi uliofuata, Januari 1943, Rasetti alialikwa kujiunga na mradi wa nyuklia wa Uingereza na Kanada uliokuwa ukiandaliwa Montreal. Waliomwalika walikuwa wanasayansi aliowajua. Kazi ingekuwa karibu na nyumbani, heshima ingekuwa kubwa, na kwa ujuzi wake wa nyutroni wachache wangeweza kulingana naye. Alikataa. Sababu zake zilikuwa za kimaadili: hakutaka elimu yake itumike kutengeneza chombo cha maangamizi, awe nani mwenye kukitumia. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba ni maamuzi machache sana maishani mwake aliyoyajutia kidogo kama hilo.

Haki inadai kusema kwamba waliokubali hawakuwa watu wabaya. Wengi wao walikuwa wakimbizi walioogopa kwamba Hitler angelipata bomu kwanza, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Joseph Rotblat, mwanafizikia wa Poland, alikubali kwa hofu hiyo, kisha akajiondoa mwaka 1944 alipoona kwamba Ujerumani haingeweza tena kulipata. Meitner naye alikataa tangu mwanzo. Kila mmoja aliyatazama mambo yale yale akafikia uamuzi wake. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba kulikuwa na nafasi ya kuamua.

Habari hii inawagusa wasemaji wa Kiswahili kwa namna ambayo haisimuliwi mara nyingi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu la Marekani ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo, nchi ambako Kiswahili ndiyo lugha ya migodini na sokoni. Mwaka 1940 kampuni ya madini ya Kibelgiji ilisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani hadi New York. Wachimbaji walioyatoa ardhini kwa mikono yao hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Rasetti aliulizwa, akajibu hapana. Wao hawakuulizwa.

Bomu la Hiroshima liliangushwa tarehe 6 Agosti 1945, na la Nagasaki siku tatu baadaye. Mwaka 1946, katika barua kwa rafiki yake Enrico Persico, Rasetti alieleza jinsi alivyochukizwa na matumizi hayo mapya ya fizikia, na kwamba alikuwa akifikiria kwa dhati kushughulika na elimu ya miamba na ya viumbe tu.

Kutoka kwenye atomu hadi kwenye jiwe

Kwa hakika alikuwa amekwisha kuanza. Mawe ya karibu na mji wa Quebec yana mabaki ya trilobiti, wanyama wa baharini wenye magamba yaliyogawanyika sehemu tatu, waliotoweka duniani kabla hata ya dinosaria. Mtu aliyewapenda mbawakawa utotoni hakuweza kupita bila kuinama. Alianza kuwakusanya, akanunua vitabu, akajifunza peke yake elimu ya visukuku kama alivyokuwa amejifunza majina ya wadudu.

Baada ya miaka michache wataalamu walianza kumwandikia kumwomba ushauri. Alichunguza hasa trilobiti wa kipindi cha Kambria, waliokuwa hai miaka milioni 500 iliyopita na zaidi, akapanda Milima ya Rocky nchini Kanada kuwatafuta, akachora na kupiga picha kila kipande. Mwaka 1947 alihamia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, kama profesa wa fizikia, lakini siku zake za mapumziko zilikuwa za nyundo na mawe. Mwaka 1952 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilimpa nishani ya Charles Doolittle Walcott, ambayo hutolewa kwa kazi bora kuhusu viumbe wa kale kabisa. Ni nadra mtu aliyefundishwa fizikia kutuzwa katika elimu aliyojifunza kando.

Mlima Elgon na elimu mbili zinapokutana

Yeyote aishiye Mbale, chini ya mwamba wa Wanale, anaishi mlangoni pa mlima ambao unaonyesha jinsi elimu mbili za Rasetti zinavyohitajiana.

Mlima Elgon, ambao Wamasaba huuita Masaba, ni volkano iliyozimika, na kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321. Upande wa kaskazini-mashariki, katika nchi ya Wasabiny, kuna mahali paitwapo Bukwa. Katika miaka ya 1960 wataalamu walichunguza huko mabaki ya wanyama na mimea yaliyofunikwa na majivu na lava za volkano hiyo zamani za kale. Mtaalamu wa viumbe anaweza kutambua kwamba mfupa fulani ni wa mnyama wa jamii fulani, au kwamba tunda lililogeuka jiwe lilikuwa la mti wa msituni. Lakini mfupa hausemi umekaa ardhini miaka mingapi.

Jibu hutolewa na fizikia ya viini. Lava ina potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo ni nururifu: hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, kwa kiwango kinachojulikana. Lava ikiwa bado uji wa moto, gesi hutoroka. Ikiganda, gesi inayozaliwa baadaye hubaki imefungwa ndani ya jiwe. Kwa kupima agoni iliyokusanyika na potasiamu iliyobaki, mtaalamu huhesabu ni lini lava iliganda. Kwa njia hiyo imejulikana kwamba viumbe wa Bukwa waliishi takribani miaka milioni 20 iliyopita. Ni unururifu, jambo lililochunguzwa pia na watu wa kizazi cha Rasetti, ukitumika kama saa.

Juu zaidi mlimani, kupita misitu na mianzi, huota lobelia warefu kuliko binadamu na misenesio yenye mashina kama ya miti, mimea inayofunga majani yake usiku kujikinga na baridi kali. Mimea ya namna hiyo hupatikana tu kwenye milima mirefu ya Afrika, na kila mlima una namna zake. Rasetti angeelewa mara moja thamani yake, kwa kuwa kazi yake ya mwisho ilikuwa ya aina hiyo hiyo.

Maua ya Alpi

Alipostaafu mwaka 1967 Rasetti alirudi Italia. Alikuwa mpanda milima tangu ujana, na sasa alipanda akiwa na kamera. Mwaka baada ya mwaka alipiga picha za maua ya milima ya Alpi, ua kwa ua, na mwaka 1980 chuo cha kitaaluma cha Lincei kilichapisha kitabu chake kuhusu maua hayo. Wataalamu wa mimea walikipokea kama kazi ya mwenzao.

Mwaka 1977 alihamia Waremme, nchini Ubelgiji, nchi ya mkewe, Marie Madeleine Hennin, aliyemwoa mwaka 1949. Huko alifariki dunia tarehe 5 Desemba 2001, akiwa na umri wa miaka 100. Marafiki zake wa Via Panisperna walikuwa wote wametangulia.

Maswali kwa Jinja na Mbale

Rasetti hakuikana fizikia. Aliendelea kuifundisha kwa miongo miwili baada ya vita, na hakusema kwamba viini vya atomu visichunguzwe. Alichokataa ni kuiacha elimu yake iamuliwe matumizi na watu wengine bila yeye kuulizwa.

Kwa wakazi wa Busoga na Bugisu, swali hilo linakuja kwa sura nyingine. Uganda ina sheria ya nishati ya atomu tangu mwaka 2008, na ina baraza linalosimamia usalama wa mionzi. Hata hivyo, mradi wa Buyende unaleta mambo yanayohitaji majibu ya wazi: watu wanaohama watapewa ardhi na fidia gani, maji ya Kyoga yatalindwaje, mabaki yenye mionzi yatahifadhiwa wapi na kwa miaka mingapi, na nani atakayewaeleza wananchi kwa lugha wanayoielewa. Mazungumzo ya kitaalamu kuhusu nyuklia nchini hufanyika zaidi kwa Kiingereza. Msikilizaji wa Kiswahili, awe mstaafu wa reli au wa viwanda vya nguo vya Jinja au mfanyabiashara wa Mbale, ana haki sawa ya kujua nyutroni ni nini na inafanya nini ndani ya maji kabla ya kuulizwa kama anakubali.

Walimu nao wana la kuchukua. Rasetti alianza na wadudu wa kijijini kwao, na kilichomfikisha kwenye kiini cha naitrojeni ni mazoea ya kutazama kitu kimoja mpaka akielewe. Wadudu hawajakosekana Mbale, na mawe ya Elgon yapo kando ya njia. Mwanafunzi anayeweza kutofautisha majani ya miti kumi ya mtaani kwao, akaandika tarehe na mahali alipoyaokota, amekwisha kuanza kazi ambayo Rasetti aliifanya mpaka uzeeni, na haimgharimu zaidi ya daftari na kalamu.